Koki ya Pipa la Kuchachushia: Matumizi na Utunzaji Wake

Katika vyama vinavyotengeneza pombe au mvinyo wa ndizi kwa ajili ya kuuza, hakuna shauri linaloleta ugomvi mkubwa kuliko pipa lililogeuka siki. Fedha ya ndizi, ya sukari, ya kuni na ya ujira imekwisha kutumika. Wanunuzi wamekwisha kuahidiwa. Na kinachotoka katika pipa hakinyweki. Mkutano ukiitishwa, lawama humwangukia mpishi, naye aghalabu ni mama aliyejifunza kazi hiyo kwa mama yake, na ambaye kwa miaka mingi hakupata kuharibu hata chungu kimoja nyumbani kwake. Mmoja husema alipunja kimea. Mwingine husema mkono wake una kisirani. Mara chache sana mtu hupiga magoti mbele ya pipa, akaing'oa koki, akaitazama kwa ndani.

Somo hili linahusu koki hiyo: namna ya kuichagua, kuitia katika pipa, kuitumia na kuisafisha, tena namna ya kuipima siku ya mashtaka, ili mwanachama asitozwe fidia kwa kosa la kipande cha plastiki. Vyama ambavyo wanachama wake hawatumii pombe visiliruke somo hili, kwa maana mengi yaliyomo yanahusu pia pipa la siki na pipa la maji ya matunda.

TOKA KATA HADI KOKI

Wazee walichachusha pombe pasipo koki, na wengi hadi leo hufanya hivyo. Mbege ya Kilimanjaro, inayotengenezwa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, hutekwa kwa kata kutoka katika chombo kilicho wazi kwa juu. Huko Kagera ndizi hukamuliwa katika mtumbwi wa mti uliochongwa, maji yake yakatiwa mtama, na rubisi ikachachuka humo chini ya majani ya migomba. Vyombo hivyo vina jambo moja jema lisilosifiwa vya kutosha: kila sehemu yake huonekana kwa macho na kufikiwa kwa mkono. Kata ikichafuka, kila mtu huona kwamba imechafuka; husuguliwa, ikasuuzwa, ikaanikwa juani.

Ndoo ya plastiki ya lita 30 na pipa la lita 200 vimeleta faida zake. Chombo hufunikwa barabara, vumbi na inzi wasiingie. Kinywaji hutolewa kwa chini bila kuchovya kitu chochote ndani, na bila kutibua mashapo yaliyotulia. Chupa hujazwa moja baada ya moja na mtu mmoja, asihitaji msaidizi wa kushika mpira wa kunyonyea. Ndiyo sababu vyama vingi hupenda koki. Walakini pamoja na faida hizo koki imeleta mahali pa siri, nalo ni jambo ambalo kata haikuwa nalo.

Yafaa kusema mapema kwamba koki haifai kila pombe. Mbege na pombe nyingine zinywewazo pamoja na chembe za nafaka ni nzito. Chembe hizo huziba tundu la koki siku ya kwanza, kisha huoza humo. Kwa pombe kama hizo kata iliyochemshwa ni bora kuliko koki ya bei yoyote. Koki ni ya kinywaji kilichochujwa: mvinyo wa ndizi, wa rozela, wa zabibu, pombe ya asali iliyotulia, na siki. Chama kilichonunua koki kwa ajili ya mbege kimenunua kizibo.

MANENO MAWILI YANAYOCHANGANYWA

Kiswahili hutumia kitenzi kimoja, kuchacha, kwa mambo mawili yasiyofanana. Pombe iliyo tayari husemwa imechacha, na chakula kilicholala na kuharibika husemwa pia kimechacha. Katika mkutano wa chama mkanganyo huo huleta hasara, kwa kuwa mpishi hujitetea kwamba pombe yake imechacha kama ipasavyo, na mwenyekiti humhukumu kwa sababu imechacha. Katika somo hili kuchachuka ni kazi njema ya hamira, inayogeuza sukari kuwa kileo na hewa ya ukaa. Kugeuka siki ni kazi ya vijidudu vingine, vinavyokula kileo hicho na kukifanya kuwa tindikali.

Tofauti hiyo haikujulikana waziwazi hadi karne ya 19. Mfaransa Louis Pasteur, aliyetoa kitabu juu ya mvinyo mwaka 1866, kingine juu ya siki mwaka 1868, na kingine juu ya bia mwaka 1876, alionyesha kwamba kinywaji hakiharibiki kwa bahati mbaya, bali kwa viumbe hai vidogo mno vinavyoingia na kuzaana humo. Basi swali la kuulizwa penye pipa lililoharibika ni moja: vijidudu hivyo vilipita wapi?

MAHALI PA SIRI

Koki ya kawaida ya plastiki ina sehemu nne. Kuna mwili, wenye mdomo kwa nje na shingo inayopita katika tundu la pipa; shingo hiyo ina hesi, yaani mikato ya mzunguko kama ya parafujo. Kuna ulimi, nao ni kipande cha mviringo kilichotobolewa, kinachozunguka ndani ya mwili kishikio kinapogeuzwa. Tundu la ulimi likielekeana na njia, kinywaji hupita. Likigeuka pembeni, njia hufungika. Kuna nati ya kukazia, na kuna mpira wa kuzuia kuvuja.

Koki inapofungwa, kinywaji kidogo hubaki ndani ya tundu la ulimi. Kingine hubaki mdomoni. Kingine, chembamba kama karatasi, hupenya kati ya ulimi na mwili. Hicho chote hakiendi mbele wala nyuma. Kile cha mdomoni hupata hewa, na hewa ndiyo vijidudu vya siki vinavyoihitaji ili vifanye kazi. Wale inzi wadogo wanaozunguka ndizi mbivu huja kunywa hapo, nao huvibeba vijidudu hivyo toka tunda bovu hadi koki. Ndani ya ulimi, ambako hewa ni haba, hustawi vijidudu vya aina nyingine, jamaa za vile vinavyogandisha maziwa, ambavyo haviihitaji hewa. Baada ya siku chache vyote hujifunika kwa utando wa ute. Utando huo huvikinga, hata dawa ikipitishwa juu yake haifiki chini.

Hapo ndipo mtego ulipo. Mtu huosha pipa kwa juhudi, hulisuuza mara tatu, kisha hufungua koki na kuacha maji ya dawa yapite, akaamini kwamba koki nayo imesafishwa. Maji yamepita katikati ya tundu. Hayakufika kati ya ulimi na mwili. Pombe mpya humiminwa, hukutana na ute wa pombe ya mwezi uliopita, na kila koki inapofunguliwa na kufungwa uchafu kidogo hurudi ndani. Koki isiyoweza kufunguliwa vipande vyake haiwezi kusafishwa, na koki isiyoweza kusafishwa haifai kuwekwa katika pipa la chama.

KUCHAGUA KOKI NA PIPA

Mnunuzi wa chama awapo dukani na ajaribu kwanza kuona kama ulimi hutoka katika mwili. Koki nyingi za plastiki za ndoo hufunguka zikilowekwa katika maji ya moto, ingawa hazionyeshi dalili hiyo zikiwa baridi. Muuzaji mwelewa atakubali jaribio lifanywe. Plastiki ya koki na ya pipa na iwe ile iliyokusudiwa kwa chakula. Ile namba iliyo ndani ya alama ya pembetatu hueleza aina ya plastiki tu; haielezi pipa lilibeba nini. Pipa lililokuwa na dawa ya kahawa, ya pamba au ya kuogeshea mifugo, au mafuta ya taa, halitumiki kwa kinywaji hata likioshwa mwaka mzima, kwa maana plastiki hunywa vitu hivyo na kuvirudisha polepole. Katika jambo hili hakuna nafuu ya bei inayostahili kusikilizwa.

Koki ya chuma kisichoshika kutu ni nzuri, ila ni ghali. Koki ya shaba nyeupe au nyekundu inayouzwa kwa ajili ya maji ya bomba haifai kukaa siku nyingi ndani ya kinywaji chenye ukali, kwa kuwa koki nyingi za namna hiyo huwa na risasi kidogo ndani ya madini yake, na ukali wa kinywaji huiyeyusha. Vivyo hivyo vyombo na viungo vya bati lililopakwa zinki: zinki huyeyuka na kuwatapisha wanywaji.

Jambo la risasi si la kubahatisha. Katika karne ya 18 watu wa Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, waliugua mara kwa mara msokoto mkali wa tumbo, na wengine wakapooza mikono. Mwaka 1767 daktari George Baker alieleza kwamba ugonjwa huo ulitoka katika pombe yao ya tufaha, iliyokuwa ikiyeyusha risasi iliyotumika katika mashinikizo ya kukamulia matunda. Wenye mashinikizo hawakupendezwa na maelezo hayo, maana yaligusa biashara yao. Lakini risasi ilikuwamo.

KUTOBOA NA KUFUNGA

Tundu hupimwa kwa koki yenyewe, si kwa kukisia. Koki nyingi za ndoo huhitaji tundu la upana wa karibu milimita 25, lakini zipo zinazopungua na kuzidi, na tundu lililozidi halina dawa. Mahali pa kutoboa na pawe tambarare, pasipo na mbavu wala mshono wa plastiki. Kwa ndoo, sentimita 3 hadi 5 kutoka chini hutosha. Kwa pipa kubwa mashapo huwa mengi zaidi. Afadhali chama kipime kwanza kina cha mashapo ya pombe iliyotangulia kwa kijiti kisafi, kisha tundu liwe juu ya alama hiyo. Mwenye kutaka kupata tone la mwisho kwa kutoboa chini kabisa atapata mashapo kwanza.

Kazi hii hufanywa kwa keekee inayokata duara. Wengine hutumia chuma cha moto; hupata tundu lenye kingo zilizoyeyuka na kuvimba, na hakuna mpira utakaoketi vizuri juu ya kingo za namna hiyo. Vinyuzi vya plastiki vilivyobaki huondolewa kwa kisu kikali. Msasa usitumike ndani ya pipa, kwa sababu kila mchubuko ni nyumba ya vijidudu.

Mpira hukaa upande ulioelekezwa na mtengenezaji. Ikiwa miwili, mmoja hukaa kila upande wa ukuta wa pipa. Nati hukazwa kwa mkono, kisha huongezwa kama robo ya mzunguko, basi. Anayekaza kwa koleo huusukuma mpira nje ya mahali pake au huipasua shingo, na aghalabu ufa huo hauonekani hadi pipa limejaa. Ule utepe mweupe wa mafundi bomba hausaidii hapa, kwa kuwa kinachozuia maji ni mpira wala si hesi. Utepe hushika uchafu tu. Wapo pia wanaokata mpira wa ndani wa baiskeli na kuufanya kuwa mpira wa koki. Huzuia kuvuja, lakini haukutengenezwa kwa chakula, na mvinyo huchukua harufu yake.

Kisha pipa hujazwa maji hadi juu na kuachwa usiku kucha, karatasi kavu ikiwa imetandikwa chini ya koki. Asubuhi karatasi hutoa ushahidi. Kulijaza robo tu ni kujidanganya, kwa kuwa uzito wa maji ya juu ndio unaoyasukuma maji ya chini kutafuta upenyo. Wanaodharau tone moja na wapige hesabu: matone 20 ni takriban mililita 1. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku, yaani lita 4 na zaidi. Pipa la lita 200 likikaa wiki tatu kwa mvujo huo, hupungua zaidi ya lita 80, na mweka hazina atakuwa na kazi ya kueleza zilikokwenda.

Pipa liwekwe mahali pake kabla ya kutiwa kinywaji. Lita 200 zina uzito wa kilo 200 na zaidi, pasipo kuhesabu pipa. Meza ya vijiti haitafaa. Kiunzi kiwe imara, na kimo chake kiruhusu chupa kusimama chini ya koki. Wakati wa kuchachuka, kabari nyembamba ikiwekwa chini ya pipa upande wa koki, mashapo hutulia upande wa nyuma, mbali na tundu. Kabari hiyo huhamishiwa nyuma, polepole, wakati wa kumalizia kutoa.

KUTOA KINYWAJI

Koki si kipumulio. Hamira ikifanya kazi hutoa hewa ya ukaa nyingi, na hewa hiyo sharti iwe na njia yake juu ya pipa, kwa mrija uliotumbukizwa katika maji au kwa kipumulio kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Pipa lililozibwa kabisa huvimba, kisha hupasuka au huisukuma koki ikatoka. Nyumba ya mapipa nayo iwe na madirisha yanayofunguliwa, kwa kuwa hewa ya ukaa ni nzito, hutulia chini, na hukosesha pumzi.

Kuna kosa linalowapata hata wazoefu. Koki inapofunguliwa, kinywaji kinachotoka huacha nafasi ndani, na pipa huvuta hewa kwa kupitia kipumulio. Maji ya kipumulio huvutwa pamoja na hewa, yakaangukia ndani ya pombe. Ikiwa maji hayo yamekaa wiki mbili na inzi wawili wamo, basi yote hayo huingia. Kabla ya kufungua koki, mtoaji na aondoe kipumulio na kufunika tundu kwa kitambaa safi kilichochemshwa.

Koki hufunguliwa yote. Ikifunguliwa nusu, kinywaji hutoka kwa kurusha na kuchanganyika na hewa, nayo hewa katika mvinyo uliokwisha kuchachuka ni mwaliko kwa siki. Mpira mwembamba safi uliovikwa mdomo wa koki na kufika chini ya chupa huondoa tatizo hilo kabisa. Kikombe cha kwanza humwagwa. Mpishi mbahili hukirudisha ndani ya pipa kwa juu, heri angekinywa.

Koki ikianza kuvuja pombe ikiwa ndani, nati ijaribiwe kwa mkono, taratibu. Isipokoma, kinywaji kihamishwe kwa mpira wa kunyonyea kwenda katika chombo kingine kilichosafishwa. Kupaka nta, sabuni au lami kwa nje ni kuahirisha hasara hadi usiku wa manane.

KUSAFISHA

Kila pombe moja ikiisha, koki hung'olewa siku hiyo hiyo, kabla haijakauka. Nati na mpira hutengwa. Mwili hulowekwa dakika chache katika maji ya moto ambayo mkono hauyavumilii lakini hayajachemka, maana maji yanayochemka huzipinda baadhi ya plastiki. Plastiki ikishalainika, mwili husimamishwa juu ya ubao na ulimi husukumwa toka chini kwa kijiti cha mti, usipigwe kwa nyundo. Mara ya kwanza kufanya hivyo katika chama chenye koki ya miezi mingi, wote na waitwe watazame. Kile kinachoonekana juu ya ulimi, na harufu yake, kitafundisha kuliko mkutano wa siku nzima.

Vipande vyote husuguliwa kwa maji ya moto, sabuni kidogo na burashi laini ya meno isiyo na kazi nyingine. Hesi za shingo na ndani ya nati zisisahauliwe. Kisha vipande husuuzwa hadi utelezi uishe. Dawa hufuata baada ya usafi, haiji badala yake, kwa kuwa klorini huishia katika uchafu na kuviacha vijidudu salama. Dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, isiyo na manukato, kijiko kimoja cha mezani katika lita 4 au 5 za maji baridi, hutosha. Vipande hulala humo kwa dakika 15, kisha husuuzwa kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa. Dawa hii haichanganywi kamwe na siki wala tindikali yoyote, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Koki ya chuma kisichoshika kutu isilazwe humo muda mrefu, maana klorini huitoboa vitundu vidogo.

Ulimi hurudishwa ungali na majimaji, nao huingia kwa kusukumwa. Usipakwe mafuta ya mgando ya kujipaka mwilini. Mafuta ya namna hiyo huuvimbisha mpira na kuuharibu. Mpira uliokakamaa, uliopasuka au ulioshika harufu hutupwa. Chama na kiwe na mipira ya akiba, na koki moja nzima ya akiba, kwa kuwa koki huvunjika siku duka limefungwa.

Wakati pombe imo ndani, kazi ni ndogo lakini ni ya kila mara. Baada ya kutoa, mdomo wa koki husuuzwa kwa maji yaliyochemshwa na kuvikwa mfuko safi wa plastiki uliofungwa kwa uzi, inzi wasifike. Kabla ya kutoa tena, kikombe cha maji ya dawa huinuliwa hadi mdomo uzame ndani yake kwa dakika 10, kisha husuuzwa. Kwa anayejaza chupa mara moja tu na kumaliza pipa, hili si mzigo. Kwa anayetoa kidogo kidogo kila jioni, ndilo linaloamua kama wiki ya pili itakuwa na kitu cha kuuza.

VIKOMBE VITATU

Sasa turudi penye mashtaka. Pombe inaposhukiwa, huchukuliwa vikombe vitatu mbele ya mashahidi wawili wa kamati. Cha kwanza hujazwa kwa kinywaji cha mwanzo kabisa kutoka katika koki. Cha pili hujazwa baada ya lita moja kupita. Cha tatu huchotwa kwa juu, kwa kata iliyochemshwa. Vikiwa vikali vya siki vyote vitatu, uharibifu umeenea, na kipimo hiki hakiwezi kusema ulianzia wapi. Cha tatu kikiwa kikali kuliko cha pili, mfuniko ndio wa kuchunguzwa, maana hewa imeingia kwa juu. Cha kwanza kikiwa kikali na viwili vilivyobaki vikiwa vizuri, koki ina hatia, na pombe bado yaweza kuokolewa kwa kuhamishwa siku hiyo hiyo kwa njia ya juu, bila kuigusa koki.

Kipimo hicho kina thamani kikifanywa mapema. Siki iliyoanzia katika koki ikiachwa wiki mbili huenea pipani mwote, na hapo vikombe vitatu vitafanana na mpishi hatakuwa na utetezi. Kwa hiyo kila pipa linahitaji daftari dogo: tarehe ya kung'oa na kufungua koki, jina la aliyeifungua, tarehe ya jaribio la maji, na ladha ya kikombe cha kwanza kila siku nne au tano. Ni mistari michache. Mama mpishi asiyejua kusoma na achague mtu wa kumwandikia, naye atie alama yake. Daftari hilo ni lake kama lilivyo la chama, na siku ya shauri ndilo litakalosema kwa niaba yake.

Vyama vingi humlipa mpishi wa pombe na mtunza ghala, lakini koki haina mwenyewe. Mpishi hudhani ni chombo cha ghala. Mtunza ghala hudhani ni sehemu ya upishi. Kamati inayomtoza mpishi fidia bila kwanza kuandika ni nani anayefungua na kusafisha koki imemhukumu mtu kwa kazi ambayo haikumpa. Mahali palipo na watoto au mbuzi, kishikio kifungwe kwa kamba, na fundo lijulikane na watu wawili tu. Kamba hiyo huzuia pia mkono wa usiku, ambao hesabu za chama huuita mvuke.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA KIKUNDI

1. Katika chama chenu, koki ya kila pipa ilifunguliwa vipande vyake lini mara ya mwisho, na nani? Ikiwa hakuna ajuaye, ifunguliweni kabla ya kuendelea na swali la pili.

2. Pipa la lita 200 lilivuja tone moja kila sekunde mbili kwa siku kumi. Tafuteni lita zilizopotea, kisha bei yake kwa kadiri mnavyouza, na mlinganishe na bei ya mpira mmoja wa koki.

3. Je, yupo mwanachama aliyewahi kutozwa au kuachishwa kazi kwa sababu ya pombe iliyogeuka siki? Ni ushahidi gani uliotolewa siku ile, na kamati ingeuliza nini leo?